Nani Anaongoza? Kuelewa Mbio za Baiskeli za Rwanda na Kuzieleza kwa Kiswahili

Utangulizi

Kwa kawaida, kila ifikapo mwishoni mwa mwezi wa Februari, barabara kuu za Rwanda hufungwa kwa saa chache ili kupisha mashindano ya baiskeli yajulikanayo kama Tour du Rwanda. Watu hujipanga kandokando ya barabara, watoto hupanda kwenye kingo za udongo, na magari yote husimama. Katika moja ya siku hizo tulikuwa barabarani pamoja na baadhi ya wanafunzi wetu. Karibu nasi alikuwapo dereva wa lori kutoka Tanzania ambaye naye alikuwa amesimamishwa. Waendesha baiskeli watatu walipita, na baada ya dakika mbili hivi likapita kundi kubwa. Dereva akamuuliza mwanafunzi mmoja: "Mdogo wangu, nani anaongoza hapo?" Mwanafunzi akajibu bila kusita: "Ni wale watatu waliotangulia, kaka."

Jibu hilo lilikuwa na Kiswahili safi, lakini halikuwa sahihi. Aliyekuwa akiongoza mashindano alikuwa ndani ya lile kundi la nyuma, amevaa jezi ya njano, wala hakuonekana kuwa na haraka. Tulipomweleza mwanafunzi wetu jambo hilo alishangaa, na dereva akashangaa zaidi. Katika makala haya tutaeleza jinsi mbio za namna hii zinavyoendeshwa, kwa nini vilima ndivyo vinavyoamua mshindi, na maneno gani ya Kiswahili yanaweza kutusaidia kuzieleza.

Mbio za hatua ni nini?

Yapo mashindano ya baiskeli ya siku moja, ambapo anayefika kwanza ndiye mshindi na shughuli imekwisha. Mbio tunazozungumzia ni za siku kadhaa. Tangu mwaka 2019 zimekuwa zikichukua siku nane, kila siku ikiwa na safari yake yenye mwanzo na mwisho. Safari hiyo ya siku moja tunaiita hatua. Kwa Kinyarwanda watangazaji husema agace, yaani kipande, na baadhi ya wanafunzi wetu hutafsiri hivyo hivyo. Si tafsiri ya kuchekwa, kwani inaonyesha kwamba kila siku ni kipande cha kitu kimoja kikubwa. Hata hivyo, neno hatua limekwisha kuzoeleka katika habari za michezo, nasi tunalipendekeza kwa tahadhari moja. Katika soka, hatua ya makundi ikimalizika, walioshindwa hurudi nyumbani. Katika baiskeli, aliyeshindwa leo huamka kesho akaendelea, mradi amefika kabla ya muda wa mwisho uliowekwa kwa siku hiyo.

Mshindi wa mashindano yote hupatikana kwa kujumlisha muda wa kila mwendeshaji katika hatua zote. Mwenye jumla ndogo kuliko wenzake ndiye anayeongoza, na ndiye anayevaa jezi ya njano. Tuchukue mfano. Tuseme Mwendeshaji A anamshinda Mwendeshaji B katika hatua tatu za kwanza, kila mara kwa sekunde 5. Amepata faida ya sekunde 15. Siku ya nne kuna mlima mrefu, na A anafika dakika 1 nyuma ya B. Sasa A ameshinda hatua tatu, lakini katika msimamo wa jumla yuko nyuma kwa sekunde 45. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho kinaweza kumwagika chote katika kilima kimoja.

Ndiyo maana mtu anaweza kutwaa ushindi wa jumla bila kushinda hata hatua moja. Chris Froome, Mwingereza aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alishinda Tour de France ya mwaka 2017 kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 2023 alikuja kushiriki mbio za Rwanda, na wengi wetu tulimwona akipita.

Kwa nini kiongozi hakuwa na haraka?

Adui mkubwa wa mwendesha baiskeli katika barabara tambarare ni upepo anaoukata mwenyewe. Anayejibanza nyuma ya mwenzake huokoa takribani robo hadi theluthi ya nguvu zake. Kwa sababu hiyo waendeshaji wengi hukaa pamoja katika kundi kuu, na wenye matumaini ya kushinda hufichwa katikati na wenzao wa timu. Wenzao hao hukata upepo kwa zamu, hurudi nyuma kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji, na pengine humpa kiongozi wao gurudumu iwapo lake limepata pancha. Wengi wao hawatajwi magazetini, lakini bila wao jezi ya njano haipatikani.

Wale watatu waliopita mbele walikuwa wamechomoka, yaani wamejitoa katika kundi kuu wakitarajia kushinda hatua ya siku hiyo. Kundi kuu likijua kwamba watatu hao wako nyuma kwa dakika nyingi katika msimamo wa jumla, huwaacha waende. Watachoka, na mara nyingi hukamatwa kabla ya mwisho. Timu ya kiongozi haiangalii nani yuko mbele barabarani, bali inahesabu dakika.

Vilima vinafanya nini?

Hesabu hiyo hubadilika barabara inapoanza kupanda. Mwendo hupungua, na mwendo ukipungua, upepo nao hauna nguvu kama mwanzo, hivyo kujibanza nyuma ya mwenzako hakusaidii sana. Linalobaki ni nguvu ya miguu na mapafu ikilinganishwa na uzito wa mwili. Hapo kila mtu hubeba mzigo wake mwenyewe. Kundi la watu mia moja huvunjika likawa la ishirini, kisha la watano.

Rwanda haina uhaba wa vilima. Kigali yenyewe iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10. Mgeni aliyezoea nchi za chini huhema mapema. Aidha, barabara kama ile ya kutoka Karongi hadi Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, hupanda na kushuka bila kumpa mtu nafasi ya kupumzika. Na baada ya kupanda kuna kuteremka, ambako waendeshaji hupita kwenye kona kwa kasi ya gari. Waliosema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, hawakuwa wakifikiria baiskeli, lakini maneno yao yanafaa hapa.

Mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali mnamo Septemba 2025, ambayo yalikuwa ya kwanza ya aina hiyo kufanyika barani Afrika, yalionyesha nguvu ya vilima hivi. Mbio za wanaume za siku moja zilikuwa na urefu wa kilomita 267.5. Katika kila mzunguko wa jijini, waendeshaji walikuwa wakipanda barabara ya mawe ya Kimihurura, yenye urefu wa kilomita 1.3 na mwinuko wa wastani wa asilimia 6.3. Maana yake ni kwamba kila wakisogea mbele mita 100 walikuwa wakipanda zaidi ya mita 6. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda. Kati ya waendeshaji zaidi ya 160 walioanza, waliofika mwisho walikuwa 30 tu.

Je, vijana wetu wamezembea?

Swali hili tunalisikia kila mwaka, na ndilo lililotusukuma kuandika. Kuanzia mwaka 2014 hadi 2018, Wanyarwanda walishinda mbio hizi mfululizo: Valens Ndayisenga mwaka 2014 na tena 2016, Jean Bosco Nsengimana mwaka 2015, Joseph Areruya mwaka 2017 na Samuel Mugisha mwaka 2018. Kuanzia mwaka 2019 hadi 2025 hakuna Mnyarwanda aliyeshinda. Wapo wanaohitimisha kwamba kizazi cha sasa ni kivivu.

Hukumu hiyo inasahau jambo moja. Mbio hizi zilianza mwaka 1988 kama mashindano ya nyumbani, na mwaka 2009 ziliingia katika ratiba ya shirikisho la kimataifa, UCI, zikiwa katika daraja la 2.2. Tarakimu ya kwanza huonyesha kwamba ni mbio za siku nyingi, na ya pili huonyesha daraja. Mwaka 2019 zilipandishwa hadi 2.1, daraja ambalo huruhusu timu za ngazi ya juu kabisa duniani kushiriki. Vilima havikubadilika, bali waliokuja kuvipanda ndio waliobadilika, pamoja na fedha, vifaa na wasaidizi wao. Katika mazingira hayo, Moise Mugisha aliposhinda hatua ya mwisho jijini Kigali mwaka 2022, pengine alifanya kazi ngumu kuliko baadhi ya ushindi wa jumla wa zamani. Asiyejua tofauti ya hatua na msimamo wa jumla, au ya daraja moja na jingine, hawezi kuiona thamani ya siku ile.

Hitimisho

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, tumekuwa tukiwahimiza wanafunzi kukitumia nje ya darasa. Mbio hizi ni nafasi nzuri. Tunawashauri waanze na maneno machache yaliyotumika humu: hatua, kundi kuu, kuchomoka, kujibanza, msimamo wa jumla, jezi ya njano. Wawasikilize pia wanaobeba abiria kwa baiskeli katika miji yetu, kwani hao wanajua kilima kwa miguu yao na huenda wana maneno bora kuliko yetu.

Mwanafunzi wetu, kabla barabara haijafunguliwa, alirudi kwa yule dereva akamweleza upya, akitumia mfano wa A na B aliouchora kwa kijiti mchangani. Dereva alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo hatukuwa tumelitarajia: "Na wale wanaomkatia upepo wanalipwa?" Wanalipwa, tena mara nyingi hugawana zawadi ya mshindi. Hilo tutalieleza katika toleo lijalo.