Visanduku vya Kimia kwa Zawadi za Krismasi

Tangu tulipofungua shule, wenzangu wengi wamenijia bwenini wakitaka kukiona kile kisanduku kimoja kilichobaki kwangu, na kila mmoja huuliza swali lile lile: misumari iko wapi? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi nimemwomba mhariri anipe nafasi niwajibu wote pamoja. Nanyi wanafunzi wa zamani nawasihi msome mpaka mwisho, kwani nina ombi kwenu.

Kazi yenyewe huitwa kumiko, nayo ni ya Wajapani. Neno hili halina udugu wowote na kumi yetu ya kuhesabia. Asili yake ni kuunganisha vipande vidogo. Nyumba za Kijapani za mtindo wa kale hugawanywa kwa milango ya kutelezesha iitwayo shoji, yenye fremu za papi nyembamba za mbao zilizobandikwa karatasi nyeupe ipitishayo mwanga. Juu ya milango, karibu na dari, huwekwa kimia cha mbao ili hewa na mwanga vipite toka chumba hata chumba. Hapo ndipo mafundi walipopata uwanja wa kushindana, karne baada ya karne, mpaka papi za kawaida zikageuka nyota na maua. Siku hizi nyumba nyingi za huko zimejengwa namna nyingine, lakini kazi haikufa. Katika mji wa Okawa, kisiwa cha Kyushu, mafundi wangali wakiifanya, nao huweka kimia hicho hata katika taa na visanduku.

Nakshi mashuhuri kupita zote ni asanoha, maana yake jani la katani, ule mmea wa nyuzi za nguo. Mmea huo ni wa ukoo mmoja na bangi, lakini Mwalimu wa zamu asinifikirie vibaya, mimi nasimulia mbao tu. Wajapani huipenda nakshi hiyo hata katika nguo za watoto wachanga, kwa sababu katani hukua upesi na kusimama wima, nao huwatakia watoto wao vivyo hivyo. Tena mwezi wa Desemba wana desturi ya kupelekeana zawadi za mwisho wa mwaka, ziitwazo oseibo. Kwa hiyo nilipoamua kutengeneza zawadi za Krismasi kwa nakshi hii, sikujiona nimekwenda mbali sana na wenyewe.

Niliipataje huku Uganda? Miaka miwili iliyopita kijana mmoja Mjapani, mwalimu wa kujitolea katika wilaya ya jirani, alikuja kutembelea karakana yetu. Alituachia kitabu cha picha na msumeno mmoja. Kitabu hakuna aliyeweza kukisoma. Msumeno nao ulitushangaza, kwani haukati unaposukumwa, hukata unapovutwa. Randa za kwao ni hivyo hivyo, fundi huivuta kuelekea kifuani. Msumeno uvutwao haujikunji, kwa hiyo bati lake laweza kuwa jembamba sana, na njia yake katika mbao ikawa nyembamba kama uzi.

Sasa niseme na hili, maana bila hili hamtaelewa kwa nini nilijikaza. Baba yangu ni seremala. Hutengeneza vitanda, milango na majeneza katika soko letu dogo, na huu ni mwaka wa sita vitanda hivyo vikinilipia karo. Siku ya wazazi mwaka jana aliambiwa kwamba kila Jumamosi mimi huwa karakana. Alinichukua pembeni, chini ya mwembe, akasema, “Kijana, kama ningetaka seremala mwingine nyumbani ningekuweka kwenye benchi langu bure. Nisingeuza ng'ombe.” Nikajibu, “Ndiyo, Baba.” Lakini sikuacha. Nilikuwa nimekwisha kuahidi zawadi nne nyumbani, na mfukoni sikuwa na shilingi ya kununua hata moja. Na kusema kweli nilitaka auone mkono wangu.

Kwanza mbao. Wajapani hupenda hinoki, mti wa jamii ya saipresi, kwa kuwa nyuzi zake zimenyooka na harufu yake ni nzuri. Kwetu saipresi zilizopandwa ni nyingi, na mabaki yake hupatikana. Chagua kipande kisicho na vifundo, kilichokauka sawasawa, chenye nyuzi zilizonyooka toka ncha hata ncha. Mbao ngumu haifai kwa kimia. Inatakiwa mbao inayokubali kubonyea kidogo, maana huko kubonyea ndiko kunakoshika badala ya msumari.

Pasua papi za upana wa milimita 12, kisha uzipige randa mpaka unene wa milimita 3. Hapa ndipo wengi waliojaribu pamoja nami walipokata tamaa. Upapi mmoja ukiwa na milimita 3 na mwingine 3 na nusu, hakuna kitakachoingia mahali pake. Bruda wa karakana alitufundisha hila: gundisha juu ya ubao vipande viwili vyenye unene wa milimita 3 barabara, acha njia katikati, laza upapi humo na upige randa. Randa ikifika chini hukaa juu ya vile vipande viwili na kukataa kula zaidi. Tangu siku hiyo papi zangu zikawa ndugu wa tumbo moja.

Kisha wavu wa miraba. Kifuniko kikubwa nilichokifanya kina miraba 6 kwa 4, na kila mraba una nafasi ya milimita 30. Papi 3 ndefu hukutana na papi 5 fupi mahali 15, na kila zinapokutana kila upapi hukatwa pengo la nusu ya upana wake, mmoja juu, mwingine chini, ili zilaliane. Upana wa pengo ni unene wa upapi, wala si zaidi. Usizikate moja moja. Zifunge papi zote pamoja kama mzigo wa kuni, chora mstari mmoja kwa kisu na guni, ukate zote mara moja. Fikirini: kosa la robo milimita likirudiwa katika mapengo 5 limekwisha kuwa milimita moja na robo, na wavu wako utakaa kishogo upande. Nimeandika hili kwa uchungu, kwani wavu wangu wa kwanza uliishia jikoni kuwashia moto.

Sasa jani lenyewe. Wale wasiopenda jiometri wavumilie. Kila mraba hugawanywa na kipande kimoja toka pembe hata pembe, nacho ni kama milimita 42. Hupatikana pembetatu mbili, kila moja ikiwa na pembe ya nyuzi 90 na mbili za nyuzi 45. Mwalimu alitufundisha kwamba mistari inayogawa pembe za pembetatu nusu kwa nusu hukutana mahali pamoja. Basi Wajapani huweka mbao juu ya mistari hiyo mitatu. Vipande viwili virefu, kama milimita 23, hutoka katika zile pembe za 45, kwa hiyo ncha zao huchongwa nyuzi 22 na nusu kila upande. Vinapokutana ndani hufanya pembe ya 135, kwa hiyo kila kimoja huchongwa nusu yake, ambayo ni 67 na nusu. Cha tatu ni kifupi, kama milimita 12, hutoka katika pembe ya 90 na kuvibana vile viwili. Hicho ndicho ufunguo. Kabla hakijaingia, vyote hulegea na kuanguka ukiinua wavu. Kikisha kuingia kwa kusukumwa na kidole, waweza kuupindua wavu juu chini na hakianguki kitu. Mara ya kwanza kuliona hilo nilipiga kelele, Bruda akadhani nimejikata.

Urefu niliotaja ni wa mistari mitupu. Mbao ina unene, kwa hiyo kata kila kipande kirefu kidogo, kisha punguza na ujaribu. Wala usichonge kwa kukisia macho. Tengeneza kalibu tatu za mvule, moja ya nyuzi 45, moja ya 22 na nusu, moja ya 67 na nusu: kipande cha mbao chenye mfereji wa kulaza upapi, na ncha yake imekatwa kwa pembe hiyo. Lala patasi juu ya mteremko wa kalibu na usukume taratibu. Funga skrubu nyuma ya mfereji iwe kizuizi, na vipande vyote vitatoka na urefu mmoja. Patasi iwe kali ya kunyoa malaika ya mkono. Isiyo kali haikati, husaga. Kila mraba unakula vipande 7, miraba 24 ikala 168. Vipande vya kukatiza mraba vigeuze, mmoja hivi, wa jirani vile, ili katika kila miraba minne vinne vikutane katikati. Ndipo majani huungana kuwa ua.

Kisanduku chenyewe hakina maneno mengi. Mbao nne za unene wa milimita 10, pembe zimekatwa nyuzi 45 na kutiwa gundi, kisha zimezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli na kukazwa mpaka kesho. Chini ni plaiwudi iliyoingizwa katika mfereji. Zikate mbao nne kwa kufuatana toka ubao mmoja, ili michirizi ya mti izunguke kisanduku kama mshipi. Kimia hukaa ndani ya fremu ya kifuniko, na nyuma yake huwekwa kitu cha kukionyesha. Gundi hutumika katika kisanduku. Katika kimia changu hakuna hata tone.

Katika hicho kitu cha nyuma nilijiona mwerevu. Badala ya karatasi niliweka kitambaa cha gome la mutuba, kile ambacho utengenezaji wake uliandikwa na UNESCO mwaka 2008 katika urithi wa wanadamu. Saipresi nyeupe juu ya gome jekundu-kahawia, jamani, hata mimi nilijisifu. Krismasi ilipofika nikampa Bibi. Alikigeuza, akakitazama kitambaa kwa muda mrefu, akauliza kwa upole, “Mjukuu wangu, una haraka gani na mimi?” Nyumba nzima ilicheka, nami nikataka ardhi ipasuke. Kwetu gome ni vazi la heshima la wafalme, lakini ndilo pia tunalowavika wafu, nami nilikuwa nimemletea ajuza wa miaka themanini na zaidi sanda katika kisanduku. Jioni ile ile nilifungua fremu nikaweka kipande cha shati langu jeupe la shule. Sasa anatilia humo miwani na rozari. Gome hakunirudishia; alilikunja akaliweka sandukuni mwake, akisema litatumika siku yake.

Kikubwa, chenye miraba 24, kilikuwa cha Baba. Nilimpa baada ya kutoka kanisani. Hakusema kitu. Alikitikisa karibu na sikio. Akakipindua. Akakibonyeza kimia kwa kidole gumba, kwa nguvu ambazo mimi nisingethubutu. Kisha akapitisha ukucha katika kona moja akasema, “Hapa pana nafasi.” Kweli ipo, nami nilikuwa nikiomba asiione. Akaenda kula.

Siku mbili baadaye, alfajiri, nilisikia randa. Nilimkuta kwenye benchi lake akiwa na papi tatu za saipresi, zimelala sawasawa, na kisanduku wazi mbele yake. Alinitaka nimwonyeshe zile kalibu. Nikamchorea ya nyuzi 67 na nusu juu ya ubao. Akaikata kwa msumeno wake mzee wa kusukuma, na ilitoka safi kuliko yangu. Tulifanya kazi mpaka saa nne. Kuhusu ng'ombe hakusema tena, wala mimi sikumkumbusha.

Hivyo visanduku vilikuwa vitatu, si vinne. Cha mama, cha miraba 8, kilikuwa cha mitihani na kilipinda kwa kuwa ubao haukukauka. Alikipokea, anatia vifungo na sindano, na kifuniko chake hufungwa kwa kukipiga kofi. Cha nne, cha dada yangu, ndicho hicho kilichoko bwenini. Kimebaki vipande 20, na mabaki ya saipresi karakana yamekwisha.

Ndiyo maana nawageukia ninyi wanafunzi wa zamani. Tunajua baadhi yenu mna viwanda vya mbao na wengine mnajenga nyumba. Vile vipande vya saipresi mnavyotupa, vyenye urefu wa mkono na visivyo na vifundo, kwetu ni mali. Vileteni karakana siku yoyote isipokuwa Jumapili. Na mwanafunzi apendaye kujifunza aje Jumamosi baada ya usafi, na patasi yake iwe imenolewa kabla ya kuingia.