Buu wa Nzi na Buu wa Mbung'o

Nzi akishaota mabawa hakui tena, na kwa sababu hiyo nzi mdogo anayetua kando ya sahani si mtoto wa yule mkubwa, bali ni mdudu aliyekomaa ambaye alikosa chakula cha kutosha alipokuwa buu. Ukuaji wake wote hufanyika katika hatua ya buu, yaani ile inayofuata yai, ambapo mdudu hana miguu, hana mabawa wala kichwa kinachoonekana, na karibu kazi yake yote ni kula.

Nzi wa nyumbani hutaga mayai yapatayo 100 kwa mkupuo mmoja, kwenye samadi mbichi au takataka zinazooza, na katika joto la bonde la Kilombero mayai hayo huanguliwa kabla siku moja haijaisha. Buu akitazamwa kwa karibu huonekana amechongoka upande wa mbele, ambako kuna kulabu nyeusi za mdomo, ilhali nyuma ni butu na ana vibamba viwili vyenye matundu ya kupumulia, mpangilio unaomwezesha kuzamisha kinywa ndani ya uozo huku akivuta hewa kwa nyuma. Hujivua ngozi mara mbili, kisha baada ya siku 4 hadi 7 huacha kula, hutambaa kutafuta mahali pakavu, na ngozi yake ya mwisho hukakamaa ikawa gamba la kahawia lenye umbo la pipa. Ndani ya gamba hilo yumo pupa, yaani mdudu aliyetulia anayeumbika upya, na siku chache baadaye nzi hufumua kifuniko chake kwa kutunisha kifuko kilicho kwenye paji la uso, ambacho hunywea na hakitumiki tena maishani. Ndiyo maana mwenye zizi kijijini Mkula anayepulizia dawa nzi wanaoruka, huku samadi ikibaki palepale, hupata nafuu ya muda mfupi tu, kwa kuwa walio wengi bado wamo ndani ya samadi.

Mbung'o, mnyonya damu anayeeneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo, na ambaye yumo katika mapori ya bonde hilo, humlea buu kwa njia tofauti kabisa, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Jike hatagi mayai; hubeba buu mmoja tu tumboni kwa siku 9 hivi, akimlisha umajimaji mfano wa maziwa unaotoka kwenye tezi maalumu, hadi mwana anapokaribia uzito wa mama yake. Buu huyo huzaliwa akiwa amekwisha kula chakula chake chote, hujichimbia kwenye udongo laini wa kivulini, hukakamaa muda mfupi baadaye, na hutoka akiwa mbung'o kamili baada ya mwezi mmoja hivi. Kwa uzazi wa polepole namna hiyo, kila mbung'o mzima anayeuawa ni hasara ambayo kizazi chake hakiwezi kuifidia upesi.

Udhaifu huo ndio uliotumiwa kisiwani Unguja, ambako kati ya 1994 na 1997 madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi waliachiwa kutoka angani, na kwa kuwa jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, aliyekutana na dume tasa hakuzaa; mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Kilombero si kisiwa, kwani mapori yake yanapakana na hifadhi kubwa za wanyama, hivyo mbung'o waliomalizwa huku wanaweza kurudi kutoka kule, na silaha inayofaa zaidi kwa wafugaji imebaki kuwa mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi pamoja na kuogesha ng'ombe kwa dawa, mradi kazi hiyo isikatizwe.