Fahamu: Kwa nini chupa ya soda hurudi dukani, ya maji huishia mtaroni

Nunua soda ya chupa ya kioo kwa Mangi mwenye duka la mtaani, iwe Mbagala au Tegeta jijini Dar es Salaam, utake kuondoka nayo: atakudai chupa tupu au pesa ya chupa, yaani dhamana. Ndiyo maana ni nadra kuziona zimezagaa. Ya plastiki, kama ya maji, haina dhamana. Inasubiri waokota makopo, wanaoiuza kwa kilo. Ada ya taka ya kila mwezi haisaidii hapo: anayetenganisha na anayechanganya wanalipa sawa, na mzigo unapakiwa gari moja kuelekea dampo la Pugu Kinyamwezi. Ujerumani iliweka dhamana kwenye chupa za kutumika mara moja mwaka 2003, senti 25 za yuro, na chupa zinarudi. Kwetu dhamana ianze na chupa za maji, na mwokotaji alipwe dhamana yote.