Jicho na Mteremko (Sehemu ya Pili): Mnara Unaoinama, Maji Yanayopanda

Simama uani mwa Msikiti wa Taifa, juu ya kilima cha Old Kampala, siku ambayo upepo unasukuma mawingu. Sogea karibu na shina la mnara, uinue kichwa utazame kilele. Mawingu yakipita nyuma yake, mnara huanza kuinama kana kwamba unakuangukia, na mwili hutaka kurudi nyuma wenyewe. Mnara haujainama hata kidogo. Mwaka 1929 mwanasaikolojia Mjerumani, Karl Duncker, alieleza asili ya jambo hili: penye kitu kidogo ndani ya mandhari kubwa, akili huamini kwamba kikubwa kimetulia na kidogo ndicho kinachokwenda. Anga ni pana, mnara ni mwembamba, basi mwendo wa mawingu husingiziwa mnara.

Wiki iliyopita tulieleza jinsi sikio la ndani linavyotambua upande wa chini. Leo ni zamu ya jicho, kwa kuwa wawili hawa wakigombana, mara nyingi jicho ndilo linalosikilizwa.

Ukipanda ngazi 304 za mnara huo, utaona Namirembe, Mengo, Nakasero na Kibuli. Mtu wa Mombasa au Unguja ana bahari. Upeo wake umenyooka, na kila mteremko anaulinganisha nao. Aliye bondeni kati ya vilima vya Kampala hana mstari wa namna hiyo. Jicho lake hupima mlima kwa mlima wa jirani, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Hata bila jirani wa kupotosha, sisi si wapimaji hodari: katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, Dennis Proffitt na wenzake wa Marekani waligundua kwamba mlima wenye mwinuko wa nyuzi 5 watu huukadiria kuwa na nyuzi 20 hivi. Anayebeba mzigo kutoka Namirembe Road kuelekea msikitini hatashangaa kusikia hivyo.

Mfano mashuhuri kuliko yote katika ukanda wetu uko Kenya, Kyamwilu, karibu na mlima Kituluni nje ya mji wa Machakos. Wageni humwaga maji barabarani, nayo huonekana yakipanda. Gari likiachwa bila gia hujiendea taratibu upande ambao kila mtu angeapa kuwa ni wa juu. Wapo wanaosema ardhini kuna sumaku. Hoja hiyo haisimami: sumaku ya kuvuta gari isingevuta maji, wala chupa ya plastiki, na vyote hivyo huenda upande uleule.

Mwaka 2003 Paola Bressan na wenzake wawili nchini Italia walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa barabara bandia ndogo zilizowekwa mezani. Walibadilisha miinuko na kimo cha upeo, wakawaacha watu watazame kwa tundu dogo. Mteremko hafifu uliopakana na mteremko mkali ulionekana kuwa mwinuko. Kigurudumu cha utepe wa plastiki kilipowekwa hapo, watazamaji walikiona kikipanda, na baadhi yao wakaingiwa na hofu. Mezani hapakuwa na sumaku wala mizimu; palikuwa na mbao, pembe, na upeo wa uongo.

Fundi mwashi analijua hili tangu uanagenzi wake, ndiyo maana haamini jicho lake penye ukuta. Huning'iniza timazi, hulaza pima maji. Msomaji asiye na pima maji achukue chupa angavu iliyojaa nusu, ailaze barabarani kufuata njia, kisha aitazame kutoka ubavuni. Maji yatajikusanya upande wa chini halisi, hata kama vilima vyote vinavyomzunguka vinashuhudia kinyume.

Wiki ijayo tutashika barabara ya Masaka hadi Kayabwe, kwenye ikweta, ambako maji ya beseni huzungushwa mbele ya watalii, kulia upande mmoja wa mstari na kushoto upande wa pili. Huko si jicho linalokosea, ni mkono wa anayemimina.