NJIA YA MWONGO NI FUPI: USALAMA WA MITANDAO ISIYO NA MINARA

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaelezwa hapa namna simu na redio za mkononi zinavyoweza kupelekeana ujumbe bila ya mnara, na kwa nini njia ya ujumbe huo yapasa kulindwa.

Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, inatoa mfano ulio wazi. Kilele cha Lupanga, kinachoutazama mji wa Morogoro, kina urefu wa zaidi ya mita 2,100, na nyuma yake yamo mabonde yaliyotengwa na matuta marefu. Mawimbi ya simu hayapenyi mlima. Aliyefichwa na tuta haupati mnara ulio upande wa pili. Minara nayo huweza kunyamaza wakati wa maafa. Mafuriko ya Kilosa, katika mkoa huo huo, ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, yaliwaacha watu wengi bila ya makaazi na kuikata Reli ya Kati.

Katika hali kama hiyo, vyombo vyenyewe vinaweza kuunda mtandao wa muda. Chombo kilichopo Mgeta hukikabidhi ujumbe chombo cha jirani, nacho hukikabidhi cha mbele yake, hadi ujumbe uvuke tuta na kufika mjini. Kila chombo huwa mwenye mzigo na pia mpagazi wa mizigo ya wenzake.

Namna njia inavyotafutwa

Kwa kuwa wenye vyombo hutembea, njia hubadilika kila mara. Katika utaratibu uitwao AODV, uliochapishwa mwaka 2003, chombo kinachotaka njia hupiga mbiu kwa majirani zake. Mbiu hurudiwa kutoka chombo hadi chombo mpaka imfikie mlengwa, au chombo chenye habari mpya za njia. Jibu hurejea na mambo mawili: idadi ya hatua za kupitia, na nambari inayoonesha upya wa habari. Habari mpya zaidi hushinda. Zikilingana, huchaguliwa njia fupi.

Hatari iliyopo

Waraka wa utaratibu huo ulieleza wazi kwamba haukuweka hatua maalumu za usalama. Kwa hivyo chombo cha mtu mwovu kinaweza kujibu upesi kuwa njia yake ni mpya na fupi kuliko zote, ilhali hakina njia yoyote. Ujumbe wote huelekezwa kwake, naye huumeza. Wataalamu hukiita chombo hicho shimo jeusi. Aliyeomba msaada hudhani ombi lake limefika, kumbe limepotea njiani.

Kinga

Kinga ya kwanza ni muhuri wa siri wa hesabu, mfano wa lakiri juu ya bahasha. Mwaka 2002, Yih-Chun Hu, Adrian Perrig na David Johnson walitangaza utaratibu wa Ariadne, ambao ndani yake kila chombo kilichopitiwa hutakiwa kujithibitisha, ili mtafuta njia aikague yote kabla ya kuitumia.

Hata hivyo, muhuri huthibitisha nani amesema. Hauthibitishi kwamba atakipeleka alichopewa. Kwa sababu hiyo ni vyema mambo matatu yakazingatiwa na kila ofisi inayoandaa vyombo vya uokozi:

1. Funguo za siri zigawiwe mapema, maafa yakiwa bado hayajatokea, kwani mgeni hawezi kutambulika katikati ya mafuriko.

2. Ujumbe muhimu upelekwe kwa njia zaidi ya moja, ili mwongo mmoja asiweze kuuzuia.

3. Stakabadhi ya kupokelewa itoke kwa mlengwa mwenyewe, nayo iwe na muhuri wake. Stakabadhi ya jirani haitoshi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika mtandao usio na mnara, ufupi wa njia usiwe peke yake sababu ya kuiamini.