Taa za breki na hazadi: Jambo dogo linaloamua safari ya Bujumbura

BUJUMBURA - Lori linaloleta saruji, mafuta au unga kutoka Dar es Salaam hutembea zaidi ya kilomita 1,500 kabla ya kuliona Ziwa Tanganyika. Sehemu ngumu kuliko zote huja mwishoni, wakati dereva na utingo wake wameshachoka. Ni mteremko wa Barabara ya Taifa namba 1 (RN1) kutoka Bugarama hadi mjini Bujumbura.

Bugarama iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wakati bandari ya Bujumbura iko kwenye mita 775 hivi. Urefu huo wote hushukwa katika takribani kilomita 35 za kona na, siku nyingi, ukungu. Magari yanayoingia kwa mpaka wa Kabanga na Kobero, yawe yamepita Ngozi na Kayanza au Gitega na Muramvya, yote hukutana hapo Bugarama. Kwenye foleni hiyo, taa za nyuma ndizo lugha pekee kati ya dereva aliye mbele na anayemfuata.

Sekunde moja ni mita ngapi?

Taa ya breki huwaka dereva anapokanyaga pedali. Kwenye gari dogo swichi yake huwa kwenye pedali. Kwenye lori lenye breki za upepo, kwa kawaida swichi husukumwa na mgandamizo wa upepo wenyewe. Kazi yake ni kumpa muda anayekuja nyuma.

Gari lenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa husafiri karibu mita 17 kila sekunde. Dereva wa kawaida huhitaji kama sekunde moja na nusu kuona taa, kuelewa na kukanyaga breki. Maana yake ameshakwenda mita 25 kabla breki zake hazijaanza kushika. Kama taa ya mbele yake haiwaki, lazima kwanza akadirie kwa macho kwamba nafasi inapungua. Usiku au kwenye ukungu, makadirio hayo huja yamechelewa.

Marekani ililazimisha magari madogo mapya kuanzia toleo la 1986 yawe na taa ya tatu ya breki, juu katikati. Tathmini ya mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, iliyotolewa mwaka 1998, ilionyesha kuwa taa hiyo ilipunguza ajali za kugongwa nyuma kwa asilimia 4.3. Hiyo ni kazi ya balbu moja tu. Hata aina ya balbu ina uzito wake: taa za LED huwaka mara moja, wakati balbu ya waya huchelewa kama sehemu mbili za kumi za sekunde kufikia mwanga wake. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hizo ni zaidi ya mita 4.

Breki ya injini haisemi

Dereva mzoefu hashuki Bugarama kwa kukanyaga pedali muda wote. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2013, inaruhusu hadi tani 56 kwa gari na mzigo wake. Uzito wa namna hiyo ukishikiliwa kwa pedali kilomita nyingi, ngoma za breki hupata moto na breki huacha kushika. Kwa hiyo dereva huweka gia ndogo na kutumia breki ya injini au ya egzosti.

Hapo ndipo kuna mtego. Kwenye malori mengi, hasa ya zamani, breki ya injini haiwashi taa yoyote. Lori linatambaa, lakini nyuma yake hakuna wekundu. Mwenye gari dogo aliyezoea kungoja taa ndipo apunguze mwendo anajikuta chini ya tela.

Dawa yake ni rahisi. Dereva wa lori akiona kwenye kioo gari linakuja kwa kasi, aguse pedali kidogo mara mbili au tatu, kiasi cha kuwasha taa tu. Asipige breki mfululizo, maana upepo wa tangi utapungua. Naye wa nyuma ajue kwamba kwenye mteremko, lori lisilowasha taa nyekundu linaweza kuwa ndilo linalokwenda polepole kuliko yote.

Hazadi si za kila mahali

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaruhusu taa za tahadhari, ambazo madereva wengi huziita hazadi, katika hali mbili: gari limeharibika au limepata ajali na haliwezi kuondolewa mara moja, au kuna hatari iliyo karibu ambayo wengine wanapaswa kuijua. Barabarani mambo ni mengine. Wapo wanaowasha hazadi wakivuka njia panda moja kwa moja, wapo wanaoendesha nazo kwenye ukungu mwanzo hadi mwisho, na wapo wanaoziwasha ili waegeshe popote wakishusha mzigo.

Tatizo ni kwamba hazadi hunyamazisha indiketa. Zikiwa zinawaka, wa nyuma hawezi kujua kama lori linataka kukata kona. Tena, upande mmoja ukifichwa na kona au na tope, wa nyuma huona taa moja tu ikiwaka na kuzima, naye huisoma kama indiketa. Kwenye ukungu, kinachosaidia ni taa za mbele zilizoinamishwa, taa za nyuma zinazowaka vizuri na mwendo mdogo. Lori linalopanda kwa mwendo wa mtembea kwa miguu ni hatari ya kweli kwa anayelifuata, na hapo hazadi zina maana. Lakini zizimwe kabla ya kuwasha indiketa.

Mpaka hugeuza ishara

Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Burundi, Rwanda na Kongo huendesha kulia. Wenye malori wana desturi, isiyo ya kisheria, ya kumwashia wa nyuma indiketa: ya upande wa katikati ya barabara ni "usipite", ya upande wa ukingo ni "njia nyeupe". Tanzania, "usipite" ni indiketa ya kulia. Ukishavuka Kobero, upande wa katikati ni kushoto, na ishara inageuka. Dereva aliyesahau anaweza kumpeleka mwenzake uso kwa uso na lori jingine. Isitoshe, mwenye usukani wa kulia akiwa Burundi hukaa upande wa ukingo na haoni vizuri mbele ya gari analotaka kulipita. Asipite kwa kuamini indiketa ya mtu. Apite kwa kuona mwenyewe.

RN1 ina jambo jingine linalojulikana na wote: waendesha baiskeli wanaojishikiza nyuma ya malori yanayopanda mlima. Licha ya hatari yao wenyewe, miili na mizigo yao inaweza kuziba taa za nyuma za lori zima.

Lori likikwama

Hazadi pekee hazitoshi, kwa sababu betri huisha na kona huficha. Alama ya pembetatu inayoakisi mwanga iwekwe kabla ya kona, upande ambako magari yanatokea, si hatua tatu nyuma ya tela. Matawi ya miti husaidia mchana, lakini usiku hayaakisi mwanga. Na lori likishaondoka, matawi pamoja na mawe yaliyozuia matairi yaondolewe barabarani. Jiwe lililoachwa huua anayefuata.

Kwa mwenye mzigo, hesabu ni hii: Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayovuka mipaka, hulipa madhara aliyopata mtu mwingine. Hailipi shehena iliyomwagika. Balbu na fyuzi ni gharama ndogo mbele ya hasara hiyo.

Ya kukagua kabla ya kuanza kushuka Bugarama:

1. Utingo asimame nyuma ya tela, dereva akanyage breki: taa zote mbili ziwake.
2. Plagi ya umeme ya tela ikazwe na waya wa arthi uangaliwe. Arthi mbovu hufanya indiketa iwake breki inapokanyagwa.
3. Vioo vya taa vifutwe tope na vumbi la safari.
4. Balbu ziwe za volti 24 kwa lori, na za akiba ziwepo pamoja na fyuzi.
5. Pembetatu ziwe mahali pa kufikika, si chini ya mzigo.

Ukaguzi huu hauchukui dakika 10. Foleni ya mpakani Kobero huchukua muda mrefu kuliko huo, na ndiyo nafasi nzuri ya kuufanya.