Je, Wajua? Fukusi wa Gugumaji

Mtu atokaye Nyakato kwenda Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, kutafuta dagaa, akaokota jani la gugumaji lililosukumwa ufukweni na upepo, akaliona limejaa makovu madogo mfano wa madirisha, na ajue kwamba kazi hiyo si ya konokono wala ya samaki, bali ni ya mbawakawa mdogo wa jamii ya fukusi, mwenye urefu wa milimita 4 au 5 tu, ambaye asili yake, kama asili ya gugu lenyewe, ni Amerika ya Kusini. Aliletwa kwa makusudi ili alitafune gugu hilo: Uganda ilimwachia katika Ziwa Victoria mwaka 1995, Kenya mwaka 1997, na Tanzania nayo ikafanya kadhalika katika miaka hiyo.

Wala si aina moja. Neochetina eichhorniae ni wa kijivu kilichochanganyika na hudhurungi, ilhali Neochetina bruchi, mwenye kahawia hafifu, hutambulikana kwa utepe mgongoni uliopinda mfano wa hilali. Walakini utepe huo usitegemewe mno, kwa kuwa magamba yake huchubuka, na hapo wataalamu hurejea kwenye matuta mawili meusi ya mgongoni, ambayo kwa bruchi ni mafupi zaidi. Hata kwa makazi wamehitilafiana: bruchi hupendelea maji yenye rutuba tele, na mwenzake huvumilia yaliyo hafifu. Mabuu ya wote wawili hutoboa vikonyo vya majani, kisha hushuka kujifunga vifukoni katikati ya mizizi, chini ya maji.